Sikio la Mtani

Mama Ndahani, jirani yetu wa upande wa zizi, anasema aliona. Anasema siku ya mazishi ya baba, pale niliposema "chukua", taa iliyokuwa kifuani kwa mtani wetu Lufungulo ilitoka njano ikawa nyeupe kama maziwa, na Lufungulo mwenyewe, akiwa bado amelala ndani ya kaburi, aliifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeziba kikohozi kanisani. Anasema alitaka kupiga kelele, lakini shangazi yangu alikuwa amemwegemea begani kwa kicheko, na mtu hakatizi kicheko cha mfiwa.

Wapo wanaomcheka Mama Ndahani. Ni yeye aliyewahi kusema ameona fisi amevaa kandambili. Baba mdogo Mbijima anasema kaburi lilikuwa limezungukwa na watu, na Mama Ndahani ni mfupi, angeona nini. Naye akiambiwa hivyo hujibu, "Mfupi huona kati ya miguu ya watu, Mbijima. Ndiyo maana mimi nakujua vizuri."

Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, ukingoni kabisa, udongo ukinidondokea kwenye vidole vya miguu. Sikuona taa. Nilikuwa nacheka.

*

Lufungulo alifika kijijini kwetu Nhundwe baada ya mavuno ya uwele, kwa miguu, begi mgongoni na fimbo ndefu ya chuma begani. Gari la Mamlaka ya Makimbilio lilikuwa limeshindwa kuvuka korongo. Alisimama nje ya ofisi ya kijiji akijipangusa vumbi, akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza neno hilo njiani.

"Kabila gani wewe?" baba mdogo Mbijima akamuuliza.

"Mnyamwezi. Wa Urambo."

Basi watu wakasogea. Mwenyekiti mwenyewe akatoka ndani. Kwetu sisi Wagogo, Mnyamwezi ni mtani. Babu zao walipita hapa wamebeba mizigo vichwani wakienda pwani, wakaomba maji, wakatukanwa, wakatukana, wakapewa. Tangu hapo akikuchukulia jogoo humfukuzi, na ukimwita mtumwa hakasiriki.

"Mtumwa wetu amerudi," Mbijima akasema. "Babu yako alipita na pembe za ndovu. Wewe safari hii wamekubebesha chuma?"

"Nimetumwa kuangalia kama mmeshajifunza kupika," Lufungulo akajibu, mwanya wa meno yake ya mbele ukionekana. "Naona mlenda bado unawateleza mpaka kwenye ndevu."

"Kaa ule. Ukimaliza osha vyombo, fagia zizi, ndipo useme ulichotumwa."

Alikula. Vyombo akaviosha kweli, na wanawake wakampenda kuanzia hapo.

Kilichomleta kilikuwa ukaguzi. Tangu bahari ianze kuingia mijini kule pwani, watu walikuwa wamejazana kwenye kambi za njia panda, wakinywa maji ya malori. Mamlaka ilitaka kujua ni kata gani za bara zinazoweza kubeba watu. Barabara zikikatika na umeme ukizimika mwaka mzima, mtu wa hapa ataishi? Atakula nini, atateka wapi, atalala wapi joto likizidi?

Baba yangu, mzee Masima, ndiye aliyekuwa mwenye kisima. Kwetu kisima ni cha aliyekichimba na uzao wake. Wengine wote huteka bila kuulizwa, lakini neno la kisima hulisema mwenyewe. Kisima chetu kiko mtoni. Ukiutazama mto wetu utaona mchanga mkavu tu, mbuzi wanapita. Chini yake babu na baba walijenga ukuta wa mawe na udongo mfinyanzi, na maji ya masika hujificha nyuma ya ukuta huo, ndani ya mchanga, hadi masika mengine. Jua haliyaoni. Ng'ombe hawayachafui.

Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua baba, akanituma mimi nimwongoze mgeni. Ni mimi mtoto wake pekee. Nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani. Sekondari ilikuwa mbali, mama alikuwa ameshafariki, na kisima kinataka mtu wa kukizibua kila mto ukishuka.

Nilimpeleka kila mahali. Aliichomeka fimbo yake mchangani, akainamisha kichwa akisikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia. Alipanda juu ya mapaa ya tembe akapima unene wa udongo. Aliingia ghalani kwa Mama Ndahani akanusa uwele, akauliza ni wa mwaka gani, Mama Ndahani akamwambia ni wa mwaka aliozaliwa yeye, ndiyo maana wote wawili hawana ladha.

Siku moja tulikaa mtoni kupumzika. Akageuza ndoo yangu, akaikalia.

"Sechelela, unajua mmekalia nini?"

"Mimi nimekalia mchanga. Wewe umekalia ndoo ya watu."

"Mmekalia alama za juu kuliko kata zote nilizokagua. Maji mnayo na hayaonekani. Nafaka mnaweka. Mko mbali na barabara kuu. Ndani ya tembe kuna ubaridi kuliko hospitali ya mkoa." Akachota mchanga, akauachia upite katikati ya vidole. "Mmekosa kitu kimoja tu."

"Wapagazi."

"Ridhaa."

Akanionyesha sikio. Ndivyo walivyoliita wote, hata yeye. Lilikuwa duara, ukubwa wa kifuniko cha birika, likining'inia kifuani kwa mkanda. Alinieleza kwa maneno ya kawaida, hakunifanya mjinga. Ulifika wakati, alisema, karatasi haikuaminika, picha haikuaminika, hata sauti ya mama yako kwenye simu haikuaminika, kwa sababu mashine ziliweza kuvitengeneza vyote. Watu waliuziwa mashamba na ndugu zao waliokwisha kufa. Serikali ikabakiza kitu kimoja, neno la mtu aliye hai, aliyesimama mbele yako, anayehema. Sikio linasikia neno, na chini ya neno linasikia pumzi na mapigo ya moyo. Mtu akikubali kwa kuogopa, taa inakuwa nyekundu. Akikubali huku moyo unasita, njano. Akikubali kwa moyo wote, nyeupe, na neno hilo ni sheria. Bila nyeupe ya wenyeji, Mamlaka haimleti mtu kukaa kwao.

"Na wewe unayelivaa?"

"Mvaaji halimpimi. Linauruka moyo wangu, la sivyo lingekuwa linanisikiliza mimi kutwa."

"Hebu nijaribu."

"Sema kitu kikubwa."

"Nataka kuolewa na wewe," nikasema. "Unibebe kichwani mpaka Urambo, mimi na mbuzi wangu wote, na usipumzike njiani."

Taa ikawa nyeupe.

Nilicheka hadi nikashika kiuno. "Umeshaolewa, hakuna kurudi," akasema, akicheka naye, akabonyeza mahali akalifuta neno. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Kidole chake kilibaki palepale alipobonyeza, na macho yake yalikuwa kwenye lile sikio, siyo kwangu.

Nililiona hilo. Nilidhani amekumbuka kwao.

*

Mkutano wa kijiji uliitwa, akavaa sikio lake akasimama mbele. Mwenyekiti akasema, "Sisi wanakijiji wa Nhundwe tunakubali kuwapokea ndugu zetu wa kambini." Njano. Akarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba sikio lina uziwi. Njano. Mbijima akajaribu, ikawa nyekundu kabisa, watu wakasema hata mashine inamjua. Baba, nikiwa nimemshika mkono, akasema, "Waje, tutagawana, na Mungu atusaidie." Njano.

Haukuwa uongo. Tulikuwa tunakubali huku kila mmoja anahesabu ndoo kichwani, na sikio liliisikia hesabu.

Nilimsindikiza Lufungulo hadi korongoni. Njiani hakutania.

"Kila kata ni hivihivi," alisema. "Watu wazuri, wananipa na mayai ya kuondokea. Njano, njano, njano. Na kule njia panda lori la maji likichelewa, watoto wanaamka asubuhi wanalamba turubai, ule umande."

"Una mtu kule?"

"Dada yangu Nshoma, aliyekulia na kuolewa pwani. Na wanawe."

Nikamwambia pole. Akaikaza mikanda ya begi, akashuka korongoni.

*

Baba alifariki kabla ya mvua. Tuliwatumia watani habari, kwa maana kwetu mtani ndiye huchimba kaburi na ndiye huwachekesha wafiwa wasije wakafa na wao. Lufungulo alitoka alikokuwa, akaja. Alichimba tangu asubuhi, shati amelivua, sikio likiruka kifuani kila anapopiga jembe. Alisema kanuni za kazi haziruhusu kulivua. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Jeneza lilipofika, yeye akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, akakunja mikono.

"Sitoki."

"Toka, kondoo wewe," Mbijima akamwambia. "Mzee anataka kupumzika."

"Mzee huyu kawanyima watu maji maisha yake yote. Akitaka shimo langu, anipe kisima."

"Tutakufukia naye."

"Nifukieni, nitamsimulia njia nzima jinsi mnavyopika. Na siongei na wewe, Mbijima. Naongea na mwenye kisima. Sechelela yuko wapi? Sechelela, nipe kisima chako, la sivyo baba yako analala juani leo."

Nilikuwa sijalia. Tangu baba akate roho nilikuwa nafanya kazi tu, kuchota, kupika, kupokea watu. Nikasogea ukingoni nikamwona yule mtu mzima amelala chali na udongo puani, akinikazia macho kama mkopeshaji, na kitu kikanipanda kutoka kulekule machozi yalikokwama.

"Chukua," nikasema. "Chukua kisima, chukua na bonde lote. Na nyumba zetu zichukueni, mlale humo na ukoo wenu wa wapagazi. Sisi tutahama, tukakae na nyani."

Watu waliangua kicheko mpaka waliobeba jeneza wakaliweka chini. Shangazi alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, na mimi nikalia hatimaye, nikalia vizuri. Lufungulo akatoka kaburini. Alimshusha baba kwa mikono yake mwenyewe, polepole, kama anamshusha mtoto aliyelala. Nilimshukuru moyoni. Nilijiambia kwamba mtu huyu, hata akizeeka, atakuwa na sahani nyumbani kwangu.

*

Watu wa Mamlaka walikuja masika yalipoisha. Safari hii korongo halikuwazuia, walikuja na daraja lao la kukunjua. Vijana wenye kofia wakaanza kusimika nguzo za bluu kuuzunguka mto, ghala, na kila tembe. Mwenyekiti aliwauliza wanafanya nini, kiongozi wao akashangaa. Akasema, "Si mlikubali? Kwa Mamlaka, neno la mwenye maji ni neno la wote." Akaweka kipaza sauti juu ya boneti ya gari, akawasha.

Ilikuwa sauti yangu.

"Chukua. Chukua kisima, chukua na bonde lote. Na nyumba zetu zichukueni, mlale humo na ukoo wenu wa wapagazi. Sisi tutahama, tukakae na nyani."

Hakukuwa na kicheko hata kimoja. Nilimuuliza yule kijana kicheko kiko wapi. Akanieleza kwa upole kwamba sikio huondoa kelele zote ili neno lisikike. Sauti ya upepo huondolewa, ya ng'ombe, ya watu wanaocheka. Linabaki neno na pumzi yake. Na pumzi yangu, akasema, ilikuwa safi kuliko aliyowahi kuisikia. Wenzake ofisini waliitana waje waione ile nyeupe.

"Na nyani?" Mbijima akauliza. "Hiyo nyani hamkuisikia?"

"Tumeisikia, mzee. Tumewapimia viwanja kule juu, kwenye majabali ya nyani, kama mlivyoomba."

Watu wote wakanitazama. Watu niliotekea nao maji tangu nikiwa na kandambili za kamba. Hakuna aliyenitukana. Mama Ndahani ndipo aliposema kwa mara ya kwanza kile alichokiona, na mtu mmoja nyuma akamwambia, "Ungesema siku ile, mama." Shangazi yangu alikuwa amejifunika kanga usoni.

Jioni ile Mbijima alipita kwetu. Hakukaa.

"Mwanangu," alisema, "baba yako aliogopa hata kukisema kisima kwa sauti. Alikuwa anasema 'kule'. Wewe ukakisema chote mbele ya chombo cha serikali."

"Baba mdogo, ulicheka na wewe."

"Nilicheka," akasema, akaondoka.

*

Nilimkuta Lufungulo mtoni, nje ya nguzo, amekaa juu ya begi lake. Alikuwa amekonda. Niliketi mbali kidogo. Nilimwacha yeye aanze, kwa sababu nilijua nikianza mimi sitamaliza.

"Nilidhani watachukua maji tu," alisema. "Kwamba watu wachache wangeletwa, mngegawana, mngezoeana. Sikujua watalichukua na lile la kuhama."

"Ulijua ni utani."

"Nilijua."

"Walikuuliza kama ni utani?"

"Mkaguzi anaulizwa mwishoni. 'Maneno haya yalisemwa kwa maana yake?' Unajibu ndiyo au hapana."

"Ukajibu ndiyo."

"Nikajibu ndiyo."

Mbuzi walikuwa wanapita mchangani, na mmoja akasimama kujikuna kwenye nguzo ya bluu.

"Siku ile nilipokutania kuhusu kuolewa," nikasema, "uliacha kucheka."

Hakukana. "Nilikuwa nimezunguka kata zote zile sijapata nyeupe. Hata moja. Watu wakikubali jambo la kweli, moyo unasita, hata wa mtu mwema. Ndipo nikaona kwamba utani hausiti. Ni mahali pekee mtu anaposema 'chukua' na moyo wake hauogopi chochote. Sechelela, mimi si... Wanawe Nshoma walikuwa watatu. Sasa ni wawili."

Nilimwambia pole, na pole ile ilikuwa ya kweli, na iliniuma kwamba ilikuwa ya kweli.

"Ulikuja kumzika baba yangu," nikasema, "au ulikuja kwa hili?"

Alijibu kitu, lakini alijibu akiwa ameinama, na sikumwambia arudie.

*

Msajili wa Baraza la Sauti, linaloamua maneno yanayopingwa, alikuja mwenyewe, mama wa makamo aliyeitwa Pendaeli, mtu wa milimani huko kaskazini. Aliweka meza chini ya mwanga wa asubuhi, katikati ya kijiji na korongo, na juu ya meza sikio kubwa ambalo halikuvaliwa na mtu. Nyuma ya meza, ng'ambo ya korongo, malori yalikuwa yamepanga foleni na watu wako juu na mizigo yao, hawajaruhusiwa kushuka.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Utanisikiliza vizuri. Mkaguzi ameniambia ulikuwa utani. Lakini neno la mkaguzi halina taa, na siku ile aliandikisha kinyume. Huyo tutaonana naye baadaye. Kwa upande wako sheria inanipa milango miwili. Wa kwanza, aliyesema akane. Useme, mbele ya hawa waliokuja, kwamba hutaki wakae hapa, na taa iwe nyeupe. Wa pili, nisikie mwenyewe kwamba ulikuwa mzaha. Nisikie, siyo nisimuliwe. Kwetu hatuna utani wa kulala kaburini, kwa hiyo mimi nikisimuliwa nabaki nashangaa tu."

"Je, tukisema tugawane?"

"Hilo ni neno jingine, linataka taa yake, na kijiji chenu kilishapimwa. Njano." Akavua miwani. "Nikilifuta hili, malori yanageuka leo. Nisipolifuta, ninyi mnapanda majabalini kabla ya wiki kwisha. Sikuitunga mimi sheria, mwanangu."

Nikageuka kuyaelekea malori. Kijiji kizima kilikuwa mgongoni kwangu. Nilimsikia Mbijima, "Sema kama mtu mwenye nyumba yake."

Walikuwa wamemruhusu mwakilishi mmoja avuke daraja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, na mwanya kwenye meno ya mbele kama wa Lufungulo, nikamjua kabla hajasema jina. Alinishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Sechelela," alisema. "Walitupigia sauti yako kule kambini, kwenye spika. Walipoizima tukaomba waipige tena. Wanaume wazima walilia. Bibi mmoja alituambia, mmeona, bado kuna watu duniani." Akacheka kidogo kwa aibu. "Hilo la wapagazi hatukulielewa, lakini tukasema liwe litakavyokuwa. Tutabeba chochote mtakachotubebesha."

Hakujua. Nilimtazama machoni na hakujua chochote.

"Siwataki," nikasema.

Taa ikawa njano. Nshoma akaiachia mikono yangu taratibu, akarudi hatua moja, akaweka kiganja nyuma kwenye mgongo wa mtoto.

"Siwataki hapa. Hapa ni kwetu."

Njano. Ile ya "kwetu" iliipeleka karibu na nyeupe, nikaiona ikipauka, halafu mtoto mgongoni akajigeuza na taa ikarudi ilikokuwa. Nilijaribu kumfikiria baba. Nilijaribu kufikiria majabali, shangazi akipanda na magoti yake yale. Nikasema tena, na sauti yangu ilikuwa na hasira sasa, na taa ikawa nyekundu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa, na nilichokiogopa ni mimi.

"Pumzika," Msajili akasema. "Hatukimbizwi."

Nyuma yangu watu walianza kunong'ona. Mtu alisema kisima kimeenda kwa mjinga. Mama Ndahani akamwambia anyamaze au atasimulia mambo yake mengine aliyoyaona.

Ndipo Lufungulo akatoka kando ya gari alikokuwa amewekwa na mlinzi. Mlinzi alimwangalia Msajili, Msajili akaashiria kwa kichwa amwache. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu na meza, pale sikio lingetusikia sote wawili. Hakumtazama dada yake.

"Nitukane," akasema.

Nililitazama sikio mezani.

"Mlango wa pili, Sechelela. Mama anataka kusikia. Niite mpagazi, niite kondoo, sema ulichosema siku ile au sema kibaya zaidi. Ukicheka vile ulivyocheka, taa itakuwa nyeupe kwa kitu ambacho kila mtu hapa anajua hukimaanishi. Ataelewa papo hapo. Itakwisha."

"Na hawa?" nikamuuliza.

"Watageuka. Nimeshalifikiria. Nitukane."

Nshoma alimwita kaka yake kwa jina, akiuliza, kwa lugha yao. Hakugeuka.

Nilifungua mdomo. Matusi yalikuwepo, yote, ninayajua tangu utoto, yamepangwa kama vyungu. Mnyamwezi mla michembe ya viazi. Mnyamwezi kichwa bapa kwa mizigo. Nililichukua moja nikaliweka ulimini, nikangoja kile kitu kinachokuja chini ya tusi, kile kinachomwambia mwenzako kwamba unaweza kumgeuzia mgongo bila kuogopa. Nilingoja kama ninavyongoja maji kisimani, mkono ndani ya mchanga, bila haraka. Mimi ni mtu wa kungoja, naweza kungoja sana, na bado hakikuja.

Msajili alilisogeza sikio karibu na ukingo wa meza. Wale madereva ng'ambo ya korongo walikuwa wamezima injini zote ili sikio lisikie vizuri.

"Nitukane, tafadhali," Lufungulo akasema.

Hakuna mtani anayesema tafadhali. Nadhani naye alijisikia alivyolisema, kwa kuwa alijaribu kutabasamu ule mwanya uonekane, akatandaza mikono kama siku ile alipofika na vumbi lake, akaniita tena, sauti imeshuka kabisa.

"Mtani. Nitukane basi."